Sili Mpya Mara Tatu, Doa Lilelile

Barua ya Mwalimu, Morogoro

Fundi, shikamoo. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, giaboksi ya otomatiki. Tangu mwaka jana inavuja oili upande wa kushoto, pale shafti ya tairi la mbele inapoingia kwenye giaboksi. Fundi wangu amebadilisha sili, ile pete ya raba inayozuia oili isitoke pale, mara tatu. Ya kwanza ilidumu wiki mbili, ya pili kama mwezi, hii ya mwisho haikumaliza siku nne. Kila mara anasema sili za siku hizi feki, ananiongezea lita moja ya oili, naondoka. Sasa anataka tushushe giaboksi nzima, na jirani yangu ananiambia niache kuhangaika, ninunue giaboksi ya mtumba. Kinachonishangaza ni hiki: nikizunguka hapa mjini, nyumbani, shuleni, sokoni, sakafu ya banda inabaki kavu. Nikienda Dar na kurudi, asubuhi nakuta doa la upana wa sahani. Oili ni nyekundu iliyofifia kuelekea kahawia. Nimechoka kutoa hela. Nianzie wapi?

Jibu

Marahaba, mwalimu. Umeandika barua ya mtu anayetazama, na katikati yake umeshanipa nusu ya jibu bila kujua: mjini kavu, safari ndefu doa. Hilo tutalirudia. Kwanza niseme la sili feki.

Zipo, tena nyingi, sikatai. Lakini sili feki ina tabia yake. Raba yake inakauka na kuwa ngumu mapema, inaanza kutoa jasho, halafu matone, na mambo hayo huchukua miezi. Sili inayokufa ndani ya siku nne haikufa kwa ufeki. Ama iliumizwa wakati wa kufungwa, ama kuna kitu pale ndani kinachoitafuna au kuisukuma. Na zikifa tatu mfululizo mahali pamoja, mimi nisingeagiza ya nne mpaka nijue muuaji ni nani.

Je, zile za zamani umezitupa? Natumaini bado zimo kwenye kona ya gereji. Gerejini kwangu Ilala kuna kopo la rangi limejaa sili zilizokufa, na kijana akija kujifunza kazi namkabidhi hilo kopo kabla sijampa spana. Sili iliyotolewa inasema. Igeuze, utazame ule mdomo mwembamba wa ndani unaogusa shafti. Ukikuta umelika upande mmoja tu na upande wa pili bado mpya, shafti haizunguki katikati: ama kuna kulegea ndani, ama sili ilipigwa ikaingia kombo. Ukikuta mdomo umekuwa mgumu, ukiukunja unapasuka, ni joto au oili isiyo yake. Ukikuta mkato mmoja mdogo, kama wa wembe, ni meno ya shafti yaliyopita juu ya raba wakati wa kuingiza. Nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba ya duara. Kama haipo, ilichomoka siku ile ile sili ilipogongwa, na huwa inachomoka fundi akigonga sili kavu kwa nyundo, huku na huku. Na ukikuta sili nzima, laini, haina kovu hata moja, basi ujue haikuwa na kosa. Ilipitishwa oili kwa nguvu, au inakaa kwenye shafti yenye mfereji.

Ile ya siku nne naomba uitafute. Hiyo ndiyo itakayozungumza zaidi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba oili inatoka pale kweli. Chini ya gari upepo unachezea watu. Oili inayotoka mbele au juu inapeperushwa nyuma, inateremka kwenye mwili wa giaboksi, inakusanyika sehemu iliyo chini zaidi, na sehemu hiyo mara nyingi ni pale pale kwenye shafti. Nimeona watu wakibadilisha sili za shafti huku kinachovuja ni bomba la kupozea oili linalokwenda kwenye rejeta, au gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, au sili ndogo ya mkono wa gia iliyo juu yake. Kuna pia grisi ya kichwa cha shafti: raba yake ikipasuka, grisi inarushwa kuzunguka na kupaka kila kitu. Ila grisi hiyo ni nzito na nyeusi, haidondoki sakafuni ikatanda. Kwa maelezo yako ya wekundu, hiyo ni oili ya giaboksi.

Fanya hivi. Peleka gari sehemu yenye shimo, osheni chini kwa dawa ya kuondoa grisi, mkaushe kwa upepo wa kompresa mpaka alumini ionekane. Halafu chukua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, ipulizeni kuzunguka shafti, juu ya giaboksi, kwenye mabomba, kwenye ukingo wa sampu. Poda inashika kote, panakuwa peupe. Kisha endesha gari mwendo wa kulitia joto hasa, angalau mpaka Mikese na kurudi, si kuzunguka soko. Ukirudi, ingia chini na tochi. Oili inachora mstari mwekundu juu ya poda nyeupe, na unachotafuta ni ncha ya juu kabisa ya mstari, si pale penye matone. Kama mstari unaanzia pale shafti inapozunguka, ndani ya duara la sili, kosa ni la mdomo au shafti. Kama unaanzia ukingo wa nje wa sili, pale chuma chake kinapokutana na mwili wa giaboksi, basi kuna mtu aliwahi kung'oa sili kwa bisibisi akakwaruza nyumba ya sili, lile tundu la giaboksi inamokaa. Alumini ni laini. Mkwaruzo mmoja unatosha.

Sasa turudi kwenye safari ya Dar.

Mwendo wa karibu kilomita 200 unaichemsha giaboksi kuliko siku nzima ya mjini Morogoro. Oili ikipata joto inavimba, na hewa iliyo juu yake inavimba zaidi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana juu ya giaboksi waliweka kipumulio, mafundi wengi wanakiita brida. Ni kijibomba kifupi, mara nyingine chenye mpira mwembamba juu yake, kisichoonekana kirahisi. Kwa gari lako huenda fundi akalazimika kutoa kasha la hewa na betri ndipo akione vizuri. Kazi yake ni moja, kutoa hewa. Kikiziba kwa tope au grisi, au mpira wake ukikunjwa na kubanwa na betri, giaboksi inakuwa kama sufuria la wali lililowekewa jiwe juu ya mfuniko: mvuke utatafuta pa kutokea, na mahali dhaifu kuliko pote ni mdomo wa sili, ambao haukutengenezwa kuhimili msukumo. Umetengenezwa kufuta oili tu. Mjini giaboksi haichemki vya kutosha, sakafu inabaki kavu. Ukitoka Dar, doa. Inalingana na barua yako neno kwa neno.

Kukijaribu ni kazi ndogo. Chomoa ule mpira, puliza kwa mdomo; hewa ipite bila kusukumwa. Kijibomba chenyewe kisafishwe kwa waya mwembamba, na tope lisidondokee ndani. Kuna mahali pengine nimekuta kipumulio kimezibwa makusudi kwa silikoni, kwa sababu kilikuwa kinatoa oili na mwenye gari akalalamika. Kwa nini kilikuwa kinatoa oili? Kwa sababu ilijazwa kupita kiasi.

Na hapo, mwalimu, ndipo sipendi ile lita moja. Kuchomoa shafti kunamwaga oili kiasi, ni kweli, lakini hakuna sheria inayosema kiasi hicho ni lita. Fundi wako anaongeza kwa mazoea. Oili ikizidi, gia kubwa ya difu, ile sehemu inayogawa nguvu kwa tairi mbili, inaipiga mpaka inatoa povu, povu linapanda joto na kujaza nafasi ya hewa, na msukumo unaongezeka hata kama kipumulio kiko wazi. Pima mwenyewe. Gari liwe limetembea, limepata moto, limesimama sehemu tambarare, injini inanguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu kwenye nafasi zote, urudishe P. Injini ikiwa bado inawaka, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha, chomoa tena. Kina alama mbili, ya baridi na ya moto. Wewe soma ya moto. Ikiwa juu ya alama ya mwisho, inyonywe ipungue. Wengi wanapima asubuhi injini imezimwa, kama wanavyopima oili ya injini, wanapata jibu la uongo, halafu wanajaza juu ya uongo huo.

Ukishakuwa kwenye kijiti, angalia unachojaza. Giaboksi yako inataka oili ya Toyota aina ya T-IV au inayolingana nayo. Wekundu si kipimo. Oili nyingi za haidroliki za madukani ni nyekundu na hazifanani. Ile kahawia unayoiona ni uzee na joto. Ikinuka kuungua, hiyo habari ni nyingine na ni nzito zaidi ya doa.

Tuseme kipumulio kiko wazi na oili iko sawa, bado inavuja. Hapo tunaingia kwenye shafti yenyewe.

Shafti ikishachomolewa, ifuteni, mwombe fundi akuoneshe sehemu laini inayong'aa karibu na yale meno yanayoingia ndani. Hapo ndipo mdomo wa sili unapokaa. Utaona utepe mwembamba unaozunguka, uliong'aa kuliko pengine. Pitisha ukucha juu yake, kutoka kwenye meno kuja nje. Ukucha ukiteleza, hiyo ni alama tu, usijali. Ukucha ukinasa, huo ni mfereji. Raba laini imekula chuma, kwa miaka mingi na kwa msaada wa vumbi, na sili mpya itakaa mle mle isibane. Hakuna sili duniani itakayoziba hapo, hata ukiinunua kwa wenyewe Japani. Wako mafundi wanaosogeza sili mpya kidogo sana, nje au ndani ya pale ilipokuwa, ili mdomo uangukie chuma kizima. Inafanya kazi kama nafasi inaruhusu na sili inaingia sawa pande zote. Ipo pia pete nyembamba ya chuma inayovikwa juu ya mfereji. SKF wanaitengeneza kwa jina la Speedi-Sleeve, unene wake 0.28 mm, kwa hiyo sili ya kawaida inaipokea. Ukikosa hiyo, tafuta shafti.

Na kwenye kununua shafti, maoni yangu yanawaudhi wauza spea, nami nimeyazoea maudhi yao. Kwa IST, shafti ya mtumba halisi ya kutoka Japani, ambayo umeipitishia ukucha ukiwa palepale dukani Gerezani au Shaurimoyo, ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Zile mpya za bei ya kutupa, sehemu ya sili mara nyingi haikusuguliwa vizuri, nyingine ni nyembamba kwa unywele. Kama ya kwako iliwahi kubadilishwa kabla ya uvujaji kuanza, hukuniandikia, lakini ingekuwa swali langu la kwanza kwa fundi wako.

Shafti ikiwa bado ndani, jaribu kulegea. Gari juu ya stendi, si jeki peke yake, shika shafti karibu kabisa na giaboksi, isukume juu na chini. Kuingia na kutoka kidogo ni kawaida, ndivyo ilivyoundwa. Juu na chini usisikie kitu cha maana. Ukisikia inagonga, linganisha na upande wa kulia. Kulegea kwa upande mmoja kunaonesha kwamba nyumba ya difu inayoshika shafti imetanuka au beringi imechoka, na hapo tu ndipo fundi wako atakuwa na haki ya kushusha giaboksi. Kabla ya hapo anashusha nini?

Upo uwezekano mwingine, wa kuchekesha kidogo: sili ya kulia imewekwa kushoto. Kwenye giaboksi nyingi hazifanani. Wakati mwingine zinatofautiana kipimo, na hata zikilingana, mdomoni mna vifereji vidogo vilivyolala upande mmoja, vya kurudisha oili ndani shafti inapozunguka. Ukiiweka upande usio wake, vifereji hivyo vinatoa oili nje kwa bidii kila gari linapokwenda mbele. Tazama uso wa sili, nyingi zina mshale au herufi. Nunueni kwa namba ya chasisi, si kwa kuonesha ya zamani, maana ya zamani huenda nayo haikuwa yake.

Siku ya kufunga, uwepo. Kiti na gazeti, wala usiseme neno. Nyumba ya sili ifutwe, mdomo upakwe grisi kidogo, sili isukumwe kwa bomba au soketi yenye upana wake, iingie sawa pande zote mpaka kina kilekile cha awali. Ile klipu ndogo ya duara mwishoni mwa shafti iwe mpya, na uwazi wake utazame chini wakati wa kuingiza. Shafti ibebwe kwa mikono miwili, iingie katikati, isilalie raba. Ikifika mwisho utasikia imeingia. Ivutwe kidogo kuhakikisha haitoki. Fundi anayeichomeka kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, huyo ndiye aliyeua ile ya siku nne, kama nadhani sawa.

Kuhusu jirani: mshukuru, lakini usimsikilize. Giaboksi ya mtumba itakuja na sili zake zenye umri wa gari lako, na itafungiwa shafti hiyohiyo. Kama mfereji uko kwenye shafti, umenunua giaboksi nzima ili ulione doa lilelile. Zile dawa za chupa za kuziba uvujaji nazo ziache dukani. Zinavimbisha raba kwa muda, na baadaye zinailegeza, pamoja na raba nyingine za ndani ambazo hazikuwa na shida.

Mimi ningefuata mpangilio huu: kipumulio na kipimo cha oili leo, maana havigharimu, poda wikiendi, shafti na ukucha baada ya hapo. Wakati huo huo pima oili kila ukitoka safari. Ukiona gari linachelewa kuondoka baada ya kuweka D, au injini inapiga kelele na gari haliendi, usilitembeze tena, livutwe. Niandikie ukucha ulisema nini.

Barua ya Mwenye Hiace, Mbagala

Kaka fundi, habari za kazi. Hiace yangu ya abiria inalowesha tairi la nyuma kulia kwa ndani. Dereva anasema breki inavuta upande mmoja. Fundi mmoja anasema sili ya ekseli, mwingine anasema ni silinda ya breki. Nimwamini nani?

Jibu

Nzuri, ndugu yangu. Usimwamini yeyote mpaka dramu ya breki itoke. Chukua kidogo kwenye ule unyevu, weka kwenye kifuniko cha chupa chenye maji. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji. Oili ya difu inaelea juu. Oili ya difu pia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Angalia vilevile kopo la mafuta ya breki, kama yanashuka.

Ikiwa ni difu, mambo niliyomwambia mwalimu yanakuhusu, ila kwa gari la abiria nayapanga kivingine. Anza na kipumulio kilicho juu ya nyumba ya ekseli. Kwa barabara za mitaa ya Mbagala wakati wa mvua, kuziba kwake si ajabu. Kisha fungua nati ya kujazia oili: iwe imefika ukingoni mwa tundu, isimwagike ikakufuata mkononi. Ikimwagika, mtu alijaza gari likiwa limeinama. Halafu beringi ya nje. Ekseli hiyo inabeba uzito wa abiria na ikiwa beringi imelegea, inacheza ndani ya sili kutwa nzima, na sili utakuwa unaibadilisha kama kandambili. Zungusha kwa mkono, sikiliza, tikisa.

Liningi za breki zilizolowa usikubali zioshwe kwa petroli na kurudishwa. Oili imeingia ndani yake, zikipata moto itatoka tena. Badilisha za pande zote mbili, kulia na kushoto, vinginevyo gari litaendelea kuvuta. Na mpaka hapo lisipakie abiria. Najua hesabu ya siku inadaiwa, lakini dereva ameshakwambia breki inavuta.

Swali fupi kutoka Tanga

Je, naweza kupaka silikoni kuzunguka shafti kwa nje, nisubiri mwisho wa mwezi?

Jibu

Hapana. Shafti inazunguka, silikoni itachunika kabla hujafika Pongwe. Silikoni ina nafasi moja tu hapo: utando mwembamba kwenye chuma cha nje cha sili mpya, kama nyumba yake imekwaruzwa. Ukizidisha, inamenyeka ndani na kwenda kuziba chujio la giaboksi. Subiri mwisho wa mwezi kwa kupima oili na kuongeza inayopungua, kwa kijiti, gari likiwa la moto.